Kisahani Namba Saba

Jambo la kwanza alilofanya Lowell Tveit aliporudi kutoka ziwani Jumapili ile ni kuvua viatu vyake na kuvipanga mlangoni, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto, visigino vimegusa ukuta. Mkewe, Ardis, alisimama na birika la kahawa mkononi akaviangalia. Miaka thelathini na nane ya ndoa alikuwa akiviokota viatu vya bwana huyu, kimoja chini ya meza, kingine keshaondoka nacho mbwa. Leo vimepangwa kama vya dukani. Na miguu iliyotoka humo ilikuwa mitupu, haina soksi.

"Haya, leo itanyesha mvua ya mawe," Ardis akatania.

Lowell akageuka, akatabasamu. "Samahani kwa kuchelewa, mke wangu."

Ardis alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mke wangu? Lowell alikuwa akimwita Sajenti tangu mwaka wa kwanza, eti kwa sababu nyumbani kwao amri zinatoka jikoni. Hata kwenye mazishi ya mama mkwe alimwita Sajenti, mchungaji akiwa amesimama pale pale anasikia. Sasa "mke wangu", kwa sauti laini, kama mtu anayesoma kwenye karatasi.

Walikuwa wageni wa ziwa hilo, na ugeni ndio uliowaponza. Kwao kusini mwa Minnesota, ziwa lao ni la kumwita mtu ng'ambo aje kunywa kahawa, naye akasikia. Ziwa Rainault ni habari nyingine kabisa. Liko mpakani na Kanada, visiwa vyake vimepita elfu, na ukishaipita rasi ya kwanza huoni mwisho wa maji. Upepo wa kaskazini-magharibi ukiamka, mawimbi yanakuja mafupi, yamefuatana, linalofuata linakupiga kabla boti haijainua pua kutoka lile la kwanza. Na chini ya maji hayo, kina cha mkono mmoja tu, pana miamba inayosubiri injini za wajuaji. Lowell alilitamani ziwa hilo maisha yake yote kwa ajili ya samaki mmoja tu, yule wanayemwita macho-kioo, mnofu mweupe, mtamu, mwenye tabia ya kula chambo jua likizama, saa ambayo wenye akili wanarudi nyumbani.

Mwenye kambi walikofikia aliitwa Verna Kesti, mama wa miaka sabini na kitu, magoti yamevimba, mdomo haujavimba hata kidogo. Siku ya kufika aliwasimamisha gatini kama watoto wa shule. Jaketi la kujiokolea huvaliwa, halikaliwi. Petroli ni mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la Mungu. Ramani isomwe kabla ya injini kuwashwa. Kamba nyekundu ya kuzimia injini, ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye mkanda wa suruali, ili ukitupwa majini injini izime na boti ikungoje.

"Hii si ya watoto hii?" Lowell aliishika ile kamba akicheka. "Mimi nimeendesha boti kabla sijaota ndevu."

"Na sasa ndevu zimekuwa nyeupe," Verna akamjibu, "na ziwa halijali."

Kisha akaugonga ubao uliopigiliwa kwenye nguzo ya gati. "Na huyu ndiye mama wa sheria zote. Misumari ya juu, ZIWANI. Misumari ya chini, NYUMBANI. Kila mtu ana kisahani chake cha shaba. Ukitoka unakitundika juu. Ukirudi, ukishakanyaga mbao za gati, unakishusha kwa mkono wako. Si mke, si rafiki, wewe mwenyewe. Silali mpaka vyote viko chini. Kikibaki juu hata kimoja ikifika saa nne, napiga simu, boti sita zinatoka. Miaka thelathini na mmoja ubao huu haujanidanganya."

Lowell akapewa namba saba. Ardis namba nane.

Jumapili hiyo kifundo cha mkono wa Ardis kilikuwa kimevimba kwa kuvuta samaki, akabaki. Lowell akaondoka saa kumi na mbili jioni na kopo lake la miruba ya chambo. Ardis alikuwa amemfungia filimbi ya rangi ya machungwa kwenye jaketi lake jekundu.

"Ukipotea piga tatu, pumzika, piga tatu."

"Ndiyo, Sajenti. Na nikipata samaki mkubwa nipige ngapi?"

"Ukipata samaki mkubwa nitasikia kelele zako mpaka huku."

Mwezi wa sita huko, saa tatu ya usiku jua bado liko juu ya misonobari. Kwa hiyo saa tatu na nusu, upepo ulipokuwa umeshaamka na maji yamegeuka rangi ya risasi, Ardis aliiona vizuri boti yao ikiizunguka rasi. Ilikuja moja kwa moja, mwendo mmoja, haipindi. Hakumwona mtu usukani, lakini ilikuwa mbali, na macho yake si ya jana. Verna alikuwa kwenye kiti chake chini ya ubao, magoti yamefungwa blanketi, anapiga miayo ya kupasua taya. Visahani vyote vilikuwa chini isipokuwa kimoja.

Watu wa Minnesota wana ugonjwa mmoja: hawapendi kusumbua. Ukimkanyaga mtu mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Ardis aliona haya kumkalisha kizee wa watu kwenye baridi kwa ajili ya mume ambaye keshaonekana. "Kalale, Verna," akasema. "Keshafika huyo." Akainua mkono wake mzima, akakitoa kisahani namba saba kwenye msumari wa juu, akakitundika chini. Verna alifungua mdomo kukataza, miayo ikamkatiza, akapunga mkono akajikongoja kwenda kulala.

Ardis alipogeuka kutazama ziwa, usukani ulikuwa na mtu.

Hilo ndilo alilolikumbuka asubuhi, lilipokuwa limeshachelewa kukumbukwa.

Usiku ule alimuuliza jaketi liko wapi, akajibiwa limeanguka majini. Alimpa taulo; maji yaliyotoka kwenye nywele zake yalinuka tope la chini ya mawe, harufu ya mahali ambapo jua halijawahi kufika. Kahawa aliiacha ikapoa kabisa ndipo akainywa, yote, kwa mkupuo. Kisha akaiona pete yake ya ndoa ndani ya kikombe dirishani, pete ambayo ilikuwa haipiti kwenye kifundo cha kidole tangu Lowell alipoanza kunenepa, akaichukua akaivaa. Ilipita bila shida. Aliinua mkono akaitazama kwa furaha ya mtu aliyepewa zawadi.

Jumatatu alfajiri Ardis aliamshwa na filimbi. Fupi tatu. Kimya. Fupi tatu. Sauti ilikuja juu ya maji, nyembamba, kutoka mbali upande wa kaskazini. Kitandani ubavuni mwake hapakuwa na mtu, na shuka lilikuwa limelowa umbo la mtu mzima. Alitoka na koti juu ya nguo ya kulalia. Mumewe alikuwa amesimama ncha ya gati, mikono nyuma, uso umeelekea kule kule ilikotoka sauti, anasikiliza kama mtu anayesikiliza redio.

"Umesikia?" Ardis akanong'ona.

"Ndege," akasema bila kugeuka.

Verna naye, akiwa anamimina kahawa jikoni kwake, akasema ndege. Kuna ndege wa ziwani kule anayelia mpaka mgeni anakimbia uchi. "Watu wote wapya wanamsikia, shoga. Utazoea."

"Ndege hahesabu tatu, Verna."

"Huyu anahesabu anavyotaka."

Ardis alishusha sauti, akatazama dirishani kwanza. "Verna, yule si Lowell."

Verna aliweka birika chini. Alimtazama mwenzake muda, akaona macho mekundu, akaona mkono uliovimba, akafikia uamuzi wake. "Mmegombana?"

"Hatujagombana! Nakwambia yule aliyerudi si mume wangu. Mume wangu yuko nje huko, kwenye mwamba, anapiga filimbi niliyomfungia mimi kwa mikono yangu. Piga simu boti zitoke."

"Kutafuta nani? Visahani vyote viko chini. Na saba umeitundika wewe."

Ardis hakungoja kahawa. Alitoka akakimbia, kwa umri wake, mpaka kwenye nguzo. Akakinyakua kisahani cha saba, akakirudisha juu, ZIWANI, na kukishikilia pale kwa kiganja. Verna alimfuata akichechemea. Wavuvi wawili waliokuwa wanajaza petroli wakasimama kutazama. Na yule bwana akaja polepole kwenye gati, miguu mitupu, akaukamata mkono wa Ardis kwa upole, akauondoa, akakishusha kisahani na kukitundika chini kwa mkono wake mwenyewe, miguu yake yote miwili ikiwa juu ya mbao.

"Sheria ni sheria," akamwambia Verna, akitabasamu. "Nilisahau jana. Mke wangu amechoka."

Wavuvi wakacheka kwa heshima. Verna akashusha pumzi. Huko ziwani filimbi ilipiga tatu, na kati ya watu wanne waliosimama pale na uzima wao, ni mmoja tu aliyeinua kichwa.

Jumanne alikuja askari wa wilaya, kijana mkubwa aitwaye Brandvold, kwa sababu Ardis alipiga simu mwenyewe akasema mume wake amepotea. Aliyemfungulia mlango alikuwa mume wake. Alimkaribisha, akamkatia keki, akampa leseni ya kuendesha gari, na kijana akalinganisha picha na uso, uso na picha, masikio yakamwiva kwa aibu.

"Mama, nikuulize kwa heshima. Aliyepotea ni nani?"

"Huyo aliyeko kwenye picha."

"Aliyeko kwenye picha ndiye aliyenikatia keki."

"Mwanangu," Ardis alimshika mkono, akasema kwa sauti ya chini maana yule alikuwa sinki, hatua tatu tu, anaosha vikombe, "usimwangalie. Niangalie mimi. Boti ilikuja haina mtu. Nikatundika kisahani kabla hajafika. Kuna visiwa kaskazini, pita tu huko na boti yako mara moja, mara moja tu, na usipokuta mtu mimi nitakuomba radhi mbele ya wilaya nzima."

Brandvold alitazama nje. Upepo ulikuwa umeng'oa povu la mawimbi na kulitawanya. "Kwa upepo huu siwezi kutoa vijana wa watu kwenda kutafuta mtu anayeosha vyombo, mama. Wakifa nitawaambia nini mama zao?" Na alikuwa na haki, ndilo lililomuumiza Ardis zaidi. Mlangoni kijana akamnong'oneza bwana mwenye nyumba kwamba shangazi yake naye alianza hivi hivi, na dawa zipo.

Ardis akampigia simu binti yao, Karna, aliyekuwa mjini Duluth. Karna akaomba azungumze na baba. Wakazungumza nusu saa. Lowell wa kweli hakuwahi kuzungumza kwa simu zaidi ya dakika mbili. Alikuwa anasema "haya, mama yako huyu hapa" kabla hujamaliza salamu. Simu iliporudi kwa Ardis, binti alikuwa analia. "Mama, baba ameniomba msamaha. Kwa yale ya harusi yangu. Miaka kumi na moja nimeyasubiri yale maneno. Halafu wewe unasema si yeye?"

"Ndicho ninachokwambia," Ardis akasema. "Baba yako angekuomba msamaha?"

Simu ikakatika.

Jumatano upepo ulipungua, na filimbi ikasikika mapema, lakini sasa ilipiga mbili na nusu, ya tatu ikiishia hewani. Siku ya tatu, akahesabu Ardis. Mtu wa miaka sitini na mitatu, juu ya jiwe, nguo zimelowa, usiku baridi inakata mifupa hata kiangazi. Alimvizia yule akiwa kwenye meza ya kupasulia samaki, maana huko angekaa saa nzima akitoa minofu bila kuacha mwiba hata mmoja, na akitupa kichwa anakiomba radhi. Akachukua ufunguo kwenye msumari, akachukua ramani, akavaa jaketi, akaifunga ile kamba nyekundu kiunoni, akashusha boti. Maishani mwake alikuwa ameshika usukani mara nne.

Alipita boya jekundu upande unaotakiwa, akapita la kijani upande unaotakiwa, akisema kwa sauti kila alilofanya kama mtoto anayesoma, na rasi ikabaki nyuma, na mbele yake vikafunguka visiwa, kimoja nyuma ya kingine, vyote mwamba wa kijivu na misonobari mitano juu, vyote ndugu, vyote uso mmoja, na filimbi ikatoka kushoto, akageuza, ikatoka kulia, akageuza, akazima injini ili asikie, akaita, "Lowell! Lowell, ni mimi!", na kwa mbali, mbali sana lakini mbele yake kabisa, akasikia sauti ya mtu, si filimbi, sauti ya mtu aliyekaukiwa koo ikiita neno moja, Sajenti, akawasha injini akaisukuma mpaka mwisho, akasahau ramani na maboya na Verna na kila kitu, na chini yake mwamba ukaikamata boti kama mtu aliyekuwa anaingoja, mlio wa chuma, yeye akaruka mbele, kamba ikachomoka, injini ikafa.

Hakufa yeye. Kamba ilifanya kazi yake, jaketi lilifanya kazi yake. Alikaa kwenye boti iliyovunjika panga la injini, akiitazama mikono yake, upepo mdogo ukimrudisha nyuma taratibu kutoka ilikotoka sauti, hana kasia, maana kasia alilisahau. Alipuliza filimbi iliyofungwa kwenye jaketi lake mwenyewe. Tatu. Kule visiwani akajibiwa tatu. Wakajibizana hivyo, mume na mke, mpaka ilipokuja boti ya Verna, na aliyekuwa usukani ni yule yule.

"Nilijua nitakukuta hapa," akasema yule, akiifunga boti yake kamba.

"Sogeza mbele kidogo tu," Ardis alimsihi. Alimsihi, alipiga magoti kwenye maji ya ndani ya boti. "Chochote unachotaka. Nitakaa na wewe. Nitakupikia. Sogeza nimwone tu."

Alimtazama bila hasira, na hapo ndipo Ardis alipoogopa kwa kweli, kwa sababu ndani ya uso ule hapakuwa na ubaya wowote wa kubishana nao. "Huyo hayupo kwenye upande wetu," akasema, na kuivuta boti kurudi kambini, ambako watu walimpigia makofi kwa kumwokoa mke wake. Verna akaficha funguo zote kabatini.

Siku hiyo hiyo jioni Ardis alitembea maili mbili kwa miguu kwenda kwa Impi Kallio. Huyu alikuwa bibi wa Kifini mwenye miaka themanini na mmoja, aliyekuwa akiwaumika watu pembe ndani ya nyumba ya mvuke, ile wanayoiita sauna. Alikuwa na maneno fulani ya kale ambayo kanisani hakuyataja. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Ulikitundika chini wewe, boti ikiwa bado iko majini?"

"Ndiyo, bibi."

"Lo, mwanangu." Impi akafunga macho. "Umelitangazia ziwa kwamba mtu wake keshafika."

Alhamisi jioni sauna ya kambi iliwashwa kwa kuni za mbetula tangu mchana, mawe yakawa mekundu. Yule aliingia bila kulazimishwa, na taulo kiunoni, akasalimia. Ardis alikaa kona, Impi karibu na mawe na kata ya maji. Dirisha dogo lilikuwa wazi upande wa ziwa, na filimbi ilikuwa bado inasikika, moja moja, ya mtu anayepumzika kati ya pumzi na pumzi.

"Mtu aliyezaliwa na mwanamke hutoka jasho," Impi akasema, akamwaga kata ya kwanza. Mvuke ukapanda ukawachoma. Yule hakutoka jasho. Impi akamwaga ya pili, akaanza kusema maneno yake, sauti ya chini, nzito, na Ardis akasubiri joto, lakini joto halikuja, ilimwagwa ya tatu na ya nne na mawe yakanyamaza, hayakulia tena, yakageuka meusi, na ukutani mvuke ukaanza kushika weupe wa jalidi, pumzi zao zikaonekana mbele ya vinywa vyao ndani ya chumba ambacho kuni zilikuwa zinawaka, na harufu ya tope la chini ya mawe ikajaa mpaka ikawa kama kuinywa, na kwenye mbao za sakafu, kutoka chini ya miguu yake yule, maji yakaanza kutambaa polepole kuelekea miguu ya Impi, naye bibi akapiga kelele, "Toka! Rudi ulikotoka! Nani amekupa ruhusa?"

"Huyu," yule akasema kwa upole, akamwonyesha Ardis. "Nafasi ilikuwa wazi upande wa nyumbani. Aliitaja. Nikaja."

Impi alitambaa nje akitetemeka, midomo ya bluu. Ardis akamfunga blanketi.

"Siwezi," bibi akanong'ona. "Angekuwa mwizi ningemtoa, nimewatoa wengi. Huyu amekaribishwa. Wa kumtoa ni mmoja tu, mwenye nafasi yake. Lowell mwenyewe aje, akanyage gati kwa mguu wake. Basi."

"Haji, bibi. Anawezaje kuja? Nani atakwenda kumleta?"

Impi akajikunja ndani ya blanketi. Wakiwa wamekaa hivyo kwenye ngazi za sauna, filimbi ikalia mara moja, ndefu, ikanyooka juu ya maji mpaka ikakatika. Ardis akainua kidole kumzuia Impi asiseme kitu. Alisubiri ya pili. Jua liliingia nyuma ya misonobari, mbu wakaja, wakamuuma uso na mikono, hakuwafukuza. Alisubiri mpaka Verna alipokuja kumchukua.

Ijumaa Karna alifika kumrudisha mama kusini. Daktari alimpa vidonge vya kulala na karatasi ya kumwona daktari mwingine.

Jumatatu iliyofuata wavuvi wawili waliokuwa wamejificha upepo kwenye kisiwa kidogo upande wa kaskazini walimkuta mtu ameegemea msonobari, amevaa jaketi jekundu. Kunguru walikuwa wamefika usoni kabla yao. Mifuko ilikuwa mitupu. Ardis aliposikia habari kwenye redio alisafiri mwendo wa saa saba kwenda huko, na hakwenda peke yake, maana alikuwa hapewi tena ufunguo wa gari. Walimwonyesha nguo kwenye meza. Aliziona soksi alizozifuma mwenyewe, za kijivu, kisigino kimoja kijani kwa sababu uzi uliisha. Akaziinua akazibana kifuani.

"Ni mume wangu," akasema.

Brandvold akamtazama yule bwana aliyekuwa amesimama nyuma yake, ameshika mkoba wake wa mkono.

"Pole sana, mzee," Brandvold akasema.

"Asante. Tunaendelea hivyo hivyo," akajibu yule.

Daktari wa maiti, mtu mpole ambaye hakujua anaongea na nani, alieleza alichokiona, kwa kuwa Ardis aliuliza. Hakufa maji marehemu. Alivunjika mguu, pengine kwenye mwamba, akajiburuta nchi kavu. Alikunywa maji ya ziwa, alikula maganda ya mti. "Aliishi siku nne. Labda pungufu kidogo. Ajabu ni kwamba kutoka hapo alipokaa, jioni tulivu, taa za kambi zinaonekana."

Wilaya ilingoja mpaka mwezi wa tisa. Hakuna aliyejitokeza kudai mtu. Walimzika kwenye makaburi ya kanisa la Kilutheri karibu na ziwa, jiwe dogo lisilo na jina, mwaka tu. Karna ndiye aliyewapeleka wazazi, baada ya baba kusema kwamba pengine mama akishuhudia atatulia. Mchungaji alisoma kwa haraka kwa sababu ya mvua. Walikuwa wanne tu na wachimba kaburi. Ardis hakulia, vidonge vilikuwa vimemfunga macho. Alisimama na mkono wake ndani ya mkono baridi uliovaa pete, akilitazama sanduku likishuka.

Karna aliinama, akachota udongo, akautupia juu ya sanduku. Akajifuta mkono, akaja kujiegemeza kwenye bega la baba yake.

"Maskini," akasema. "Sijui kama alikuwa na watoto."

"Mmoja," baba yake akamjibu, akamfunika kichwa kwa koti asilowe.